Pindo likishuka, tazama kiunoni

Mteja mmoja aliniona nachechemea nyuma ya meza ya kukatia, akaniuliza nimeumia nini. Niliona haya kumjibu. Mtu wa miaka 44, anayeitwa bibi na watoto wa mpwa wake, ataanzaje kusema goti limevimba kwa sababu ya baleti? Nikasema nimeteleza kwenye ngazi. Akalitazama goti, akatazama na nyayo zangu nilivyozipanga, akasema, "Ngazi haziumizi upande huo wa goti."

Miaka miwili yule mama alikuwa ananiletea suruali za kukunja pindo na zipu za kubadilisha, hapo kibandani kwangu soko la Kirkgate, Leeds, Uingereza, na sikuwahi kumuuliza kazi yake. Fundi mwenye maswali mengi hukimbiwa. Siku ile ndipo nikajua anafundisha dansi, naye akajua fundi wake amejiumiza kwa kujitia mchezaji. Tukapatana palepale: yeye atanifundisha Jumanne jioni pamoja na watu wazima wengine wanaoanza, mimi nitamrekebishia nguo za darasa lake bila kumtoza. Mpaka leo sijui nani anamdai mwenzake.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwenye lile goti.

Sokoni kwetu si mbali na Quarry Hill, yaliko makao ya kundi la baleti la Northern Ballet. Wachezaji wao hupita kununua matunda, nywele zimefungwa fundo, nyayo zimetazama nje kama za bata. Kwa muda mrefu niliwacheka kimoyomoyo. Halafu mteja mwingine akaugua, akanipa tikiti yake ya ukumbi wa Grand Theatre, nami nikaenda kwa ajili ya kutazama nguo tu. Nilikaa juu kabisa nimekodoa macho nikitafuta mishono. Mchezaji mmoja akainua mguu kwa upande, taratibu, mpaka usawa wa kiuno, na kiuno cha nguo yake hakikusogea. Mshono wa ubavuni ulibaki wima kama uzi wa timazi.

Mimi nimevisha wanawake zaidi ya miaka 20. Najua mtu akiinua goti kupanda daladala, kiuno cha sketi kinapanda upande mmoja, na pindo linafuata. Sasa ule mguu wa yule binti ulikuwa unatokea wapi? Usiku ule nililala nikiwaza. Wengine wanasema walipenda baleti kwa sababu ya muziki au manyoya ya bata maji. Mimi ni mshono wa ubavuni.

Nikajiandikisha mahali fulani pa bei nafuu, sitapataja. Tulikuwa watu wengi mbele ya kioo, mwalimu kijana mchangamfu, muziki juu. Akatuonyesha mkao wa kwanza: visigino vimegusana, vidole vimetazama nje. "Fungua zaidi! Zaidi!" Nami ni mtu wa kutii. Nilikunja magoti kidogo, nikazipachika nyayo zikawa karibu mstari mmoja, kisha nikayanyoosha magoti. Sakafu ilikuwa ya mpira, ikazikamata nyayo zisirudi. Kwenye kioo nilijiona nimefika. Mwalimu akanisifu mbele ya watu. Kitu ambacho hakuna aliyekitazama ni magoti: nyayo zimekwenda mashariki na magharibi, magoti bado yanatazama mbele. Wiki ya 5, upande wa ndani wa goti la kulia ukaanza kuwaka kama uliopakwa pilipili. Wiki ya 6 nikashindwa kukanyaga pedali ya cherehani.

Mwalimu wangu mpya, yule mteja, alisubiri goti lipone kwanza. Jumanne ya kwanza nilipokwenda, hakuniruhusu hata kusimama. Akanilaza chali kwenye sakafu ya mbao, miguu juu, nyayo zikitazama dari.

"Geuza mapaja yatazame nje."

Nikageuza nyayo.

"Nyayo sikuzitaja."

Nikajaribu tena. Nikabana makalio, nikabana tumbo, nikabana na meno. Akaweka vidole viwili kwenye mfupa wa paja langu, pale unapoingia nyongani, akangoja. Baada ya muda kitu fulani kikazunguka humo ndani, kidogo sana, kama kitasa kilichokosa mafuta. Nyayo zikafuata zenyewe. Zilifunguka kiasi cha mkasi ulioachama nusu, basi. Ule mstari mmoja wa kule kwa bei nafuu ulikuwa mkopo wa sakafu. Ukilala chali hakuna wa kukukopesha, unakiona ulichonacho.

Akanieleza kwa ufupi. Kugeuka nje kunatokea kwenye nyonga, ambako kichwa cha mfupa wa paja kinakaa kama mpira ndani ya kikombe. Misuli 6 midogo iliyojificha chini ya makalio ndiyo inayolizungusha paja. Goti halina ruhusa hiyo. Goti ni bawaba, kazi yake ni kufunga na kufungua. Ukililazimisha lizunguke, unang'oa skrubu. Na sababu ya kugeuza paja si urembo peke yake: mguu usiogeuzwa ukiinuliwa kwa upande, fundo la juu la mfupa wa paja linakutana mapema na ukingo wa nyonga, kwa hiyo ili upande zaidi inabidi kiuno chote kiinuke nao. Ukigeuzwa, lile fundo linapisha. Nilikaa kitako palepale sakafuni nikacheka peke yangu. Huo ndio mshono wa ubavuni wa Grand Theatre.

Mama aliyenifundisha kushona, Tanga, alikuwa na futi ya mbao ambayo sikumbuki kama aliwahi kupimia kitambaa. Kazi yake ilikuwa vidole vyetu. Sketi ikishuka mbele, mwanafunzi hushika mkasi akakata mbele. Akiivalisha tena, imeshuka ubavuni. Anakata ubavuni, sasa nyuma. Mwisho sketi ya mama mtu mzima inakuwa ya mtoto wa chekechea. "Pindo halina kosa!" alikuwa akipiga kelele, na futi inashuka. Kosa liko kiunoni: umekata vibaya, au mteja ana nyonga moja juu ya nyingine nawe hukupima. Rekebisha huko, pindo litakaa. Sikutegemea kulikuta somo lile tena, kwa lugha nyingine, nimelala chali Uingereza.

Na kuna jambo lililonirahisishia ambalo mwalimu hakulijua. Kwetu, harusi ikikaribia, shangazi yangu ndiye aliyetukusanya wasichana kutufundisha ngoma za wanawake. Alikuwa anakunja kanga, anakuwekea kichwani, anasema: kiuno kizunguke, kanga isianguke. Ikianguka, unaanza upya, na ukicheka unaanza upya mara mbili. Kwa hiyo kiuno changu nakijua chumba kwa chumba. Baleti ilinitaka kinyume: kiuno kitulie kama bakuli la mchuzi, paja ndilo lizunguke ndani yake. Lakini mtu anayejua kufungua mlango anajua na kuufunga. Wenzangu darasani walitafuta nyonga zao miezi. Mimi wiki ya 3 nilikuwa nimeshazipata, na hilo ndilo jambo pekee nililowahi kuwatangulia.

Shangazi nilimpigia kumwambia. Yuko Tanga, miaka 78, masikio mazima.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Jana nimepiga simu mpaka nimechoka."

"Nilikuwa darasani, shangazi. Nimeshika baa saa nzima mpaka mkono umekufa ganzi."

Kimya. Nikamsikia anamwambia mtu aliye pembeni apunguze redio.

"Umeshika nini?"

Ikabidi nieleze kwamba baa hii si zile za pombe za Ngamiani. Ni mti wa mbao uliofungwa ukutani usawa wa kiuno, unaushika kwa mkono mmoja ukifanya mazoezi ya kwanza, usianguke. Akashukuru Mungu. Kisha akauliza kama mshahara wa kazi hiyo ni mzuri. Nikamwambia sijaajiriwa, najifunza tu. "Kujifunza nini?" Kukunja magoti, nikasema. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huku kwetu magoti yanakunjika bure."

Na kweli, miezi 3 ya mwanzo kazi kubwa ilikuwa kukunja magoti. Inaitwa plie. Unasimama, unashuka, unapanda. Nilidhani nitaimaliza kwa dakika 10. Plie ndogo unashuka mpaka pale visigino vinapotaka kuinuka, unaishia hapo. Plie kubwa unaendelea chini na visigino vinainuka, isipokuwa katika mkao wa pili, wa miguu iliyotengana, ambapo vinabaki chini. Magoti yaende juu ya vidole, yasianguke ndani. Makalio yasitoke nyuma kama unayetafuta kigoda. Na hapo kwenye kigoda ndipo nilipokwama. Mimi nashuka, nafika, nakaa. Mwalimu akaniambia hakuna kukaa: ukifika chini uwe umeshaanza kupanda, na unaposhuka kichwa kiwe bado kinapanda. Maneno ya namna hii ukiyasikia mara ya kwanza unaona mtu anakuchezea akili.

Ni pedali iliyonifungua. Cherehani ya kukanyaga ukiikanyaga kwa kishindo, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Unaikanyaga mfululizo, kisigino kinashuka wakati vidole vinapanda, na hakuna mahali unapoweza kusema hapa ndipo mwisho wa chini na mwanzo wa juu. Nikafanya plie kama nashona mshono mrefu wa pazia. Mwalimu akapita nyuma yangu bila kusema kitu, na kwake yeye hiyo ni sifa.

Majina ya baleti karibu yote ni ya Kifaransa, kwa sababu ufundi huu ulipangwa kwenye ikulu ya Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 alikuwa mchezaji mwenyewe, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi. Mwalimu wake, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa aliiweka sawa ile mikao 5 ya miguu ambayo hadi leo anaanza nayo mtoto wa Moscow, wa Havana na wa Kibera. Mimi mtu wa Tanga majina hayo yalinipata kwa njia yangu. Siku ya kwanza mwalimu aliposema "tandu", niliangalia chini. Kwetu ukisikia tandu, unaangalia chini, halafu unapanda juu ya kitanda. Kumbe ni zoezi: mguu mmoja unasimama, mwingine unateleza mbele, ubavuni au nyuma mpaka unyooke, ncha za vidole zikibaki sakafuni. Kuruka kwa miguu miwili kunaitwa "sote", na kweli akilitaja tunaruka sote. Halafu kuna hatua tatu za haraka za kubadilisha miguu, "pa de bure", ambazo kwa muda mrefu kwangu zilikuwa bure kabisa.

Tandu nimeipenda kuliko zote, na sijui kama kuna anayenielewa. Mguu hauendi mbele kama unayesukuma kiatu chini ya kitanda. Unyayo mzima unaisugua sakafu: kisigino kinaachia kwanza, kisha upinde wa unyayo unajikunja, kisha ile sehemu nene chini ya vidole, mwisho vidole vyenyewe vinanyooka. Kurudi ni njia ileile kinyumenyume, bila kuruka kituo. Ukifanya vizuri sakafu inatoa sauti, kama mkasi mkali unaoteleza kwenye hariri bila kufungwa na kufunguliwa. Mguu wangu wa kushoto unaitoa. Wa kulia unakwaruza. Na kisigino kikiachwa nyuma vidole vikavutwa ndani, mguu unakuwa mundu, na ndivyo wanavyouita, mundu, kosa ambalo mwalimu huliona akiwa upande wa pili wa ukumbi.

Sasa viatu. Hapa nina aibu ya kitaaluma. Viatu laini vya baleti huja na mpira wa kushikilia mguu ambao mara nyingi unaushona mwenyewe. Unakunja sehemu ya kisigino kuelekea mbele, pale mkunjo unapoangukia ubavuni ndipo unapotia alama kwa chaki, na hapo unashona. Wenzangu walihangaika na sindano, mimi nikajitolea kuwashonea wote, jozi 7, kwa mashine, mshono imara wa kwenda na kurudi. Nilipowagawia nilikuwa na kichwa kikubwa. Dakika 2 baadaye hakuna aliyeweza kukaza kiatu chake. Ukingoni mwa kiatu kuna kamba nyembamba inayopita ndani ya upindo ili uivute kikukae, na mimi nilikuwa nimeipiga mshono kamba ile, kwenye viatu vyote 14. Nilifumua usiku kucha. Mpira wa kiatu cha baleti unashonwa kwa mkono, chini kidogo ya upindo, kamba isiguswe. Nimeandika hapa ili fundi mwenzangu asiaibike.

Tena viatu vyenyewe ni vya waridi. Ngozi ya nani ile? Waridi ile imechaguliwa ili mstari wa mguu usikatike, jicho lishuke kutoka pajani hadi kidoleni bila kugonga mpaka. Kwa mguu wangu mimi mpaka ulikuwa unaonekana kutoka barabarani. Nikafanya tunachofanya mafundi: nikabandika sufuria jikoni, majani ya chai ya Usambara vijiko 5, chumvi, nikavitumbukiza. Vilikuwa vya turubai la pamba, na pamba hunywa chai vizuri. Vikatoka rangi ya maji ya mto wa masika. Nikaongeza kahawa, nikavilaza humo mpaka asubuhi, vikawa kahawia ya kupendeza. Mpira ulibaki waridi vilevile, maana ulikuwa wa poliesta, na poliesta ukiipikia chai itakutazama tu. Ikabidi ninunue mpira wa kahawia, nishone tena, kwa mkono safari hii.

Nilimwonyesha mwalimu nikidhani nimebuni. Akaniambia wachezaji weusi wamekuwa wakivitia viatu vyao chai na poda ya uso tangu zamani. Kundi la Dance Theatre of Harlem, lililoanzishwa New York mwaka 1969, lilianza miaka ya 1970 kuvaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Na hapa Uingereza ilikuwa mwaka 2018 ndipo watengenezaji wa viatu Freed of London, wakishirikiana na kundi la Ballet Black, wakatoa viatu vya kusimamia ncha vya rangi za kahawia. Mwaka 2018! Mimi nina nyuzi za kahawia aina 11 kwenye droo yangu, na sina duka London.

Vile vya kusimamia ncha nimevishika, sijavivaa. Mwalimu huleta vya wanafunzi wake wakubwa nitie utepe. Cha kwanza nilikigeuza huku na huku nikitafuta chuma au mbao ndani yake, maana mtu mzima anasimama juu ya mahali padogo kuliko kifuniko cha chupa ya dawa. Hakuna chuma. Lile boksi la mbele ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi, na vya kutengenezwa kwa mkono kuna gunia humo na gundi ya unga na maji. Gunia! Mimi nimekulia penye mkonge, nimekalia magunia utoto wangu wote. Juu wamefunika satini, ukumbi mzima unaona malaika. Jasho huilainisha gundi ile, na mchezaji wa kazi anaweza kumaliza jozi kwa onyesho moja.

Nilimuuliza kama nami siku moja nitavivaa. Akasema simama kwa mguu mmoja, panda juu ya vidole, shuka, mara 20, bila kuyumba na bila kushika kitu, ndipo tuzungumze. Nimefika 11. Ya 12 kifundo cha mguu huanza kutetemeka, nami naheshimu kifundo changu.

Kilichonitesa kweli ni pirueti, kuzunguka kwa mguu mmoja, ncha ya mguu mwingine ikiwa gotini. Nadharia yake naweza kukuandikia usingizini. Unachagua kitu cha kukitazama mbele yako. Mwili unazunguka, kichwa kinabaki kikikitazama mpaka shingo haina njia, kisha kinazunguka haraka kuliko mwili na kufika kwanza. Hivyo ndivyo kizunguzungu kinavyopungua. Mimi nilichagua kibao cha kijani cha mlango wa dharura, kile chenye mtu anayekimbia. Miezi 4 nilimtazama mtu yule. Kila nilipozunguka nilianguka kushoto, daima kushoto, mara moja kwenye rundo la mikoba ya wenzangu. Jirani yangu wa baa, dereva wa basi mstaafu wa miaka 67, alizunguka vizuri tangu wiki ya 2, akisema kazi yake yote ilikuwa kutazama kioo kabla ya kugeuka.

Nikasema ni kichwa changu. Nikafanya mazoezi ya kichwa kibandani, wateja wakiniona nageuza shingo kama bundi. Nikasema ni mikono. Nikasema ni sakafu, nikamwomba mwalimu nihame upande. Yeye akaniambia nisimame tu. Mguu wa kushoto peke yake, wa kulia gotini, nisizunguke. Akaja nyuma yangu na futi yangu mwenyewe, aliichukua kwenye mkoba, akapima kutoka sakafuni mpaka juu ya mfupa wa nyonga, kushoto, halafu kulia. Akanionyesha kwa kidole gumba. Nyonga ya kushoto ilikuwa imesogea nje na kukaa, kama ya mama aliyembeba mtoto ubavuni.

Nilijua palepale. Watoto wangu watatu wote niliwabeba kushoto, mkono wa kulia ukipika, ukifagia, ukikata kitambaa. Kabla yao wadogo zangu. Kile kilichokuwa kinaniangusha hakikuwa kichwani wala mikononi. Nilikuwa nasimama bado nimewabeba. Na mimi, fundi, nilikuwa nimekata pindo miezi 4.

Tukarudi kwenye plie, kwa mguu mmoja, huku naisukuma sakafu chini na nyonga inapanda juu ya mguu. Wiki 7 za hiyo. Pirueti ya kwanza iliyosimama ilikuja Jumanne moja ya mvua, na ilinishtua nikapiga kelele kwa Kiswahili. Iliyofuata nilianguka kushoto.

Juzi shangazi alinipigia kwa video. Nilikuwa jikoni, kiti nimekigeuza mgongo kiwe baa yangu. Akasema mwaka wa pili huu anasikia baleti baleti, hajaona kitu, nimwonyeshe. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikarudi nyuma mpaka nionekane mzima. Nikasimama mkao wa kwanza, mkasi wangu ulioachama nusu. Nikainua mkono. Nikashuka plie moja, taratibu, bila kukaa, nikapanda. Tandu mbele, tandu ubavuni, tandu nyuma. Nikapanda juu ya vidole, nikaachia kiti, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikashuka.

"Halafu?"

"Ndiyo hiyo, shangazi."

"Hamruki?"

"Tunaruka, lakini chini wanalala watu."

Akaisogelea simu mpaka nikaona jicho na ukingo wa mtandio tu. "Hebu rudia ile ya kushuka." Nikarudia. Alikuwa anatazama kama alivyokuwa akitutazama zamani uani, mdomo umefungwa, shingo imekaa upande.

"Bega la kushoto limepanda," akasema. "Kanga ingekuwa imeshaanguka."

Jumanne mwalimu alikuwa ameniambia bega hilohilo. Nikalishusha, nikaanza upya.